Maswali ya Saa: "Mwezi wa kwenye saa haufanani na wa ziwani"

Toleo lililopita niligusia zile saa za mkononi za makanika, za bei mbaya, zinazofanya mambo yasiyo na uhusiano wowote na kuwahi daladala. Kuna inayoonyesha mwezi, kuna inayotembeza sayari, kuna yenye wapenzi wawili wanaotafutana darajani. Kila kazi ambayo saa inafanya zaidi ya kuonyesha saa, dakika na sekunde mafundi wa Uswisi wanaiita komplikesheni, na kampuni ya Ufaransa Van Cleef & Arpels ikachukua kundi lake zima ikalipa jina la komplikesheni za kishairi. Niliandika nusu ukurasa nikijua wengi watapita moja kwa moja kwenye mpira. Kumbe! Jumbe zimemiminika, zingine za kunisema kwamba naandika mambo ya matajiri wakati watu wanatafuta hela ya sukari, na mi nawaelewa kabisa, ila kuangalia kitu kizuri na kuelewa kinafanyaje kazi hakujawahi kulipiwa, sio hapa Makoroboi, Mwanza, nilipo wala huko Geneva. Tuanze.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mama, nafanya biashara ya dagaa hapa Kirumba mwaloni, mume wangu ana mitumbwi. Shemeji yangu anaishi Ujerumani, alivokuja likizo akamletea mume wangu saa ya mkononi, sio ya betri, ni ile ya kujaza, chini ina kidirisha kina mwezi na nyota. Tukafurahi sana sababu sisi maisha yetu yote yanaenda na mwezi. Sasa juzi usiku huku nje mwezi umejaa mpaka unaweza kuchagua mchele uani bila taa, kuangalia kwenye saa mwezi ni nusu! Mume wangu anasema ni feki, shemeji kaingizwa mjini. Tumuulize au tunyamaze? — Mama Dagaa, Kirumba

Marahaba mama yangu. Msimuulize shemeji kitu, mtamtia aibu bure kabla hatujajua kosa liko wapi.

Kwanza tupime kama ni feki au la, na kipimo chenyewe hakihitaji fundi. Angalia hicho kidirisha asubuhi, alafu angalia tena usiku wa siku hiyo hiyo. Kama asubuhi kulikuwa na jua na usiku limekuja mwezi, basi hiyo sio saa ya mwezi wa angani, ni sahani inayozunguka mara moja kwa masaa 24 kukuambia sasa ni mchana au usiku, kana kwamba huna dirisha. Zipo saa halali kabisa za namna hiyo, Orient wa Japani wanayo moja nzuri tu na wenyewe wameiita jina la jua na mwezi bila kumdanganya mtu. Tatizo ni wauzaji wa mitaani wanaochukua mtindo huo huo wakakuapia kwamba inafuata mwezi. Ila kwa ulivoeleza, mna mwezi na nyota, jua hakuna, na mwezi ni nusu usiku, nadhani yenu ni ya kweli na shida ni ndogo sana.

Sikia inavofanya kazi. Nyuma ya kile kidirisha kuna sahani imechorwa miezi miwili, sio mmoja, mmoja uko huku mwingine upande wa pili, na pembeni ya sahani kuna meno 59. Kila siku saa inasukuma jino moja. Kwanini 59? Mwezi wa angani kutoka kuandama mpaka kuandama tena unachukua kwa wastani siku 29, masaa 12, dakika 44 na sekunde kama 3, na kwa vile huwezi kutengeneza nusu jino wakachukua siku 29 na nusu mara mbili, ndo maana miezi ni miwili. Ule mwezi ukishamaliza safari yake kwenye kidirisha unajificha nyuma ya kile kinundu cha kulia, alafu mwenzake anachungulia kutoka kinundu cha kushoto. Hicho tu. Kitu chepesi hivo, na mpaka leo kila nikifungua saa ya namna hiyo naipenda upya.

Sasa zile dakika 44 hazikuhesabiwa. Zinajilimbikiza kila mwezi, na baada ya miaka 2 na miezi kama 7 saa inakuwa imekosea siku nzima. Wenye hela zao wanatumia gia zenye meno mengi zaidi, lile la 135 linajulikana sana, ambalo linakosea siku moja kwa miaka 122 hivi, na Wajerumani wa A. Lange & Söhne mwaka 2014 walitoa moja inaitwa Terraluna ambayo wamepiga hesabu itakosea siku moja baada ya miaka 1,058. Sijui nani atakuwepo kwenda kudai garantii.

Lakini yenu haijafika huko. Kosa kubwa namna hiyo, mwezi umejaa nje na kwenye saa ni nusu, halitokani na meno, linatokana na saa kusimama. Saa ya kujaza ufunguo, hata ile inayojijaza yenyewe mkono ukitembea, ukiiweka kabatini siku mbili hivi nyingi zinasimama, na ikisimama na mwezi wake unasimama hapo hapo wakati wa angani unaendelea na safari. Bila shaka shemeji aliileta ndani ya boksi, na mume wako naye nahisi anaivaa ijumaa na kwenye harusi tu.

Kuirekebisha: zungusha mishale kwanza mpaka uone tarehe imeruka, hapo ujue ni saa sita usiku, endelea mpaka saa 12 asubuhi. Hii muhimu sababu kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku gia za tarehe na za mwezi zinakuwa zimeshikana, ukilazimisha hapo unavunja meno na kwa kweli hiyo ndo kazi inayoniletea wateja wengi kuliko zote. Alafu tafuta pembeni ya saa kitundu kidogo kama nukta. Bonyeza humo na kijiti cha meno cha mti, sio pini, sio sindano, mpaka mwezi ukae katikati ya kidirisha umejaa kabisa. Tafuta kwenye kalenda mwezi ulijaa lini mara ya mwisho, bonyeza mara moja kwa kila siku iliyopita tangu siku hiyo. Saa zingine hazina kitundu, unavuta kile kidude cha kuzungusha hatua moja na kugeuza kinyume na upande wa tarehe. Baada ya hapo mwambie baba aivae kila siku, hata akiwa mwaloni.

Na sasa nakuambia kitu ambacho mabwana wa Uswisi hawakijui: kwenye ziwa hili saa hiyo ni kifaa cha kazi. Wao wanaiuza kama pambo, eti ushairi wa anga. Nyie mnajua kwamba dagaa wanafuata taa, ziwe karabai za zamani au hizi za sola, na mwezi ukiwa mkubwa taa inakosa nguvu, dagaa hawajikusanyi, ndo maana siku za mbalamwezi mitumbwi inakaa ufukweni, nyavu zinashonwa na bei mwaloni inapanda. Mwezi unachelewa kuchomoza kila siku kwa wastani wa dakika 50 hivi. Siku umejaa unachomoza jua likizama, giza hakuna kabisa. Siku nne tano baadae unachomoza kwenye saa nne au saa tano usiku, kwa hiyo mna dirisha la giza la masaa kadhaa kuanzia magharibi. Mume wako analijua hilo bila saa, najua. Ila wewe unayepanga hela ya mafuta, hela ya vijana na ahadi za wateja wa Shinyanga unaweza kuangalia mkononi kwake mchana kweupe, mawingu yametanda, ukajua zimebaki siku ngapi. Tajiri wa Paris hawezi kuitumia hivo.

Jambo moja la mwisho hapa. Mtaona kwamba ule mwezi mwembamba wa kwenye saa umesimama wima, ubavu wa kulia ndo unaowaka. Hivo ndivo wanavouona watu wa kaskazini huko Ulaya. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, nyuzi 2 na nusu tu kusini, kwa hiyo mwezi mchanga wetu jioni unalala chali kama mtumbwi. Saa haijakosea, imechorwa na mtu anayeangalia kutoka kwao. Na tafadhali isije ikawa ya kuamulia mfungo, hiyo ni hesabu ya wastani tu, kuandama kwa mwezi kuna wenyewe.

SWALI: Fundi mambo. Mi ni mwalimu Sengerema. Nimeona kideo Insta cha saa ina daraja, dada ana mwavuli na kaka ana ua, eti wanatembea mpaka wanapigana busu. Nataka kumvisha mchumba wangu. Jamaa mmoja mjini kaniambia anayo kwa laki na themanini. Je ni kweli hiyo kitu ipo na inafanya kazi kweli au ni katuni tu? — Ticha, Sengerema

Poa ticha. Ipo. Inaitwa Pont des Amoureux, yaani daraja la wapenzi, ya Van Cleef & Arpels, ilitoka mwaka 2010. Ndo ile ya kundi la kishairi nililosema mwanzo. Na sio katuni, ni gia tupu, ndani yake hakuna betri wala kompyuta. Sehemu hiyo ya wapenzi aliitengeneza fundi wa Geneva, Jean-Marc Wiederrecht, na karakana yake ya Agenhor.

Kwenye saa hiyo hakuna mishale ya kawaida. Yule dada mwenye mwavuli ndo mshale wa saa, anapanda daraja kutoka kushoto. Kaka mwenye waridi ndo mshale wa dakika, anapanda kutoka kulia. Kila mmoja ana ngazi yake ya namba pembeni. Kaka akifika dakika ya 60 anarudi ghafla chini kuanza upya, na dada akifika saa sita naye anarudi. Mshale wa kurudi ghafla hivo unaendeshwa na kipande cha chuma ambacho mafundi wanakiita konokono kwa umbo lake: kidole kidogo kinapanda taratibu kufuata mgongo wa konokono, kikifika kwenye kile kilele kinadondoka mara moja na springi inakirudisha chini. Kutengeneza mmoja ni kazi. Kutengeneza miwili inayofika juu kwa wakati mmoja bila kupishana hata kidogo, hapo ndo wanapolipia hela yote.

Sasa ngoja nikuonyeshe ninachokipenda mi, ambacho kwenye kideo hukioni sababu wanakuwekea sekunde kumi tu za busu. Kaka anapanda daraja kila saa. Dada anapanda mara moja kwa masaa 12. Kwa hiyo saa saba kaka anafika juu na waridi lake, dada ndo kwanza kaanza hatua. Saa nane anafika, dada yuko kule. Saa tatu, saa nne, saa tano, anafika pale juu peke yake, anarudi chini, anaanza tena. Safari kumi na moja za bure. Ya kumi na mbili ndo wanakutana, saa sita mchana au saa sita usiku, alafu wanaachana tena. Ukiijua hiyo huiangalii tena kama pambo la kike. Mtu aliyebuni hiyo saa anajua kuchumbia.

Bei yake, ticha, ni ya nyumba. Sio ya gari, ya nyumba. Kwa hiyo hiyo ya laki na themanini mjini jibu unalijua mwenyewe, labda ina betri na wapenzi wamechapwa kwenye karatasi wamegandana milele, muulize jamaa wako awafanye wasogee mbele yako uone. Nimeshaletewa moja ya hivo, mishale ya kawaida inapita juu ya vichwa vya wapenzi.

Ungekuwa mdogo wangu ningekwambia hivi. Hela hiyo hiyo tafuta saa ya mtumba ya makanika, ya kweli, ya Kijapani, hata kama haina mwezi wala daraja, nyingi tu zipo na zinatengenezeka, alafu mchukue mchumba jioni muende mkatembee, daraja nyie mnalo la Kigongo hadi Busisi, kilometa 3 hivi juu ya maji, tangu mwaka 2025 foleni ya kivuko imekuwa historia. Waridi utanunua mwenyewe.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mzee mstaafu, Igoma. Ulitaja kwamba kuna saa inaonyesha "saa ya jua" pembeni ya saa ya kawaida. Nikakumbuka jambo linalonisumbua miaka. Mwanangu yuko Dar, kule adhuhuri inaingia mapema kuliko kwetu, na hata hapa Mwanza yenyewe haitulii, mwezi wa kumi na moja inakuja mapema, mwezi wa pili inachelewa. Saa si moja nchi nzima? Na hiyo saa ya ghali inaweza kunisaidia? — Mzee wa Igoma

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali zuri kuliko yote na umeona kwa macho kitu ambacho wengi wanakipita tu.

Ni mambo mawili yamechanganyika. La kwanza ni mahali. Saa ya Afrika Mashariki tumeipanga kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti hata Tanzania, uko huko upande wa bahari na Somalia. Mwanza tuko karibu nyuzi 33. Kila nyuzi moja jua linachukua dakika 4, kwa hiyo sisi jua linafika utosini kwa wastani dakika 48 baada ya saa sita ya kwenye saa. Dar wao wako nyuzi 39 na kitu, wanachelewa dakika 23 tu. Ndo hizo dakika 25 hivi unazogombana na mwanao.

La pili ni dunia yenyewe. Haizunguki jua kwa duara kamili na tena imeinama, basi jua linatangulia na kuchelewa kulingana na saa zetu, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja linatangulia dakika 16 na katikati ya mwezi wa pili linachelewa dakika 14. Piga hesabu ya hapa kwetu: Novemba jua liko utosini saa sita na dakika 32, Februari ni saa saba na dakika 2. Nusu saa nzima ya tofauti, na wewe umeigundua bila chombo. Mara nne tu kwa mwaka, kwenye tarehe 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba hivi, jua na saa vinakubaliana, na hapa Mwanza kukubaliana kwenyewe ni saa saba kasoro dakika 12.

Saa zinazoonyesha hiyo tofauti zipo, Breguet walitoa moja mwaka 2017 ambayo ina mishale miwili ya dakika, mmoja wa watu na mmoja wa jua, unauona mmoja unaukimbia mwenzie au unabaki nyuma kidogo kidogo mwaka mzima. Ndani kuna kipande cha chuma kimechongwa umbo la figo kinachozunguka mara moja kwa mwaka na kidole kinapita pembeni yake, ule mzunguko wa ajabu wa jua wote umeandikwa kwenye ukingo wa hicho kipande. Mi hiyo kwangu ndo shairi haswa, hata kuliko busu. Ila mzee wangu haitakufaa kwa adhuhuri maana inakupa lile jambo la pili tu, la kwanza, zile dakika 48 za Mwanza, itabidi uongeze mwenyewe kichwani. Ukishajua kuongeza kichwani, mti wowote uliosimama wima uani unakupa jibu hilo hilo bure, kivuli kikishakuwa kifupi kuliko vyote ujue jua limefika juu, likianza kupinduka tu wakati umeingia.

SWALI: Et kuna saa ukibonyeza muda unasimama? Mi nesi zamu ya usiku, naihitaji jana. — Nesi, Nyamagana

Hahaa pole dada. Ipo, ya Hermès, Le Temps Suspendu, ya mwaka 2011, na fundi wake ni yule yule Wiederrecht. Ukibonyeza kitufe cha pembeni mishale inakimbilia juu kwenye 12 inakaa mkao ambao hakuna saa halisi inayokaa hivo, na mshale wa tarehe unajificha kabisa. Unakaa unavotaka, dakika tano au wiki. Ukibonyeza tena mishale yote inarudi kwenye muda sahihi wa sasa hivi, maana chini kwa chini gia zilikuwa zinaendelea kuhesabu. Kwa hiyo zamu yako haisimami. Inafichwa tu. Nakiri mi wazo hili nalipenda kuliko saa yenyewe, ukishabonyeza mara kadhaa kwa marafiki sidhani kama unabonyeza tena, ila mtu aliyeamua kulipa mamilioni ili saa yake imnyime saa, huyo lazima nimheshimu.

SWALI: Fundi kama ungepewa moja bure kati ya hizi zote ungechagua ipi? Na usituambie "inategemea". — Mwanafunzi, Malimbe

Ya kuvaa, ya mwezi, nimeshasema kwanini. Ya kuweka na kuitazama, Midnight Planétarium, ni ya Van Cleef & Arpels hao hao, mwaka 2014, walishirikiana na karakana ya Kiholanzi ya Christiaan van der Klaauw ambayo inajulikana kwa saa za nyota. Uso wa saa una sahani zilizopangana duara ndani ya duara, na kwenye kila moja kuna kijiwe cha thamani ambacho ni sayari: Utaridi, Zuhura, Dunia yetu ya rangi ya feruzi, Mirihi ya jiwe jekundu, Mshtarii na Zohali. Kila kijiwe kinazunguka kwa mwendo wake wa kweli. Utaridi siku 88, Zuhura 224, Dunia mwaka, Mirihi siku 687, Mshtarii karibu miaka 12. Zohali miaka 29 na zaidi.

Hapo kwa Zohali ndo nilipokamatika. Kijiwe hicho kinasogea kama nyuzi moja tu kwa mwezi, yaani ukiangalia leo na ukiangalia mwezi ujao utaapa hakijasogea. We una miaka 21, sio? Ukiiweka mkononi leo Zohali inamaliza mzunguko mmoja una miaka 50. Saa zingine zote nilizoziongelea zinakupa tukio, busu, kuruka, kusimama. Hii haikupi tukio lolote, inabidi uishi nayo, na pia lazima uivae ili ijijaze miaka yote hiyo maana ikilala kabatini sayari sita zote zinapoteza mahali pake na kuzirudisha sio kazi ya kijiti cha meno. Sisemi nitaimudu. We umesema bure.

Wanaosema ni upuuzi, simu inaonyesha sayari zote kwa sekunde moja, ni kweli, na hata mwezi wa Mama Dagaa upo kwenye simu. Simu inakuambia kwa sababu kuna mtu mahali amepiga hesabu na kukutumia. Saa haijatumiwa na mtu. Ina springi moja iliyojikunja, springi inataka kujikunjua, na balansi, kile kigurudumu kinachokwenda na kurudi, inaiachia kidogo kidogo, saa nyingi za sasa mapigo manane kwa sekunde, na kutoka kwenye nguvu hiyo ndogo ya mkono wako mwenyewe unapata dakika, siku, mwezi mpaka Zohali. Mi hapo ndo huwa nashindwa kuendelea na chai.

SWALI: Bro saa yangu ina mwezi pia, nyuma imeandikwa 30m. Mi kila wikiendi naogelea Igombe. Naweza kuzama nayo mita 30 si ndio? — Mpiga Mbizi, Ilemela

Hapana! Hapana kabisa. Hizo mita ni presha ya maabara, saa imetulia, mpya, mipira yake haijazeeka. Mita 30 maana yake kunawa mikono na manyunyu ya mvua. Ya kuogelea nayo anzia 100, na iwe imepimwa karibuni, sababu mipira ya kuzuia maji inachoka kwa jua letu hili na jasho. Saa za mwezi ndo mbaya zaidi maana kile kitundu cha kurekebishia mwezi nacho ni tundu, maji hayaulizi limewekwa kwa ajili gani, na ole wako ulibonyeze ukiwa ndani ya maji.

Ukishaona ukungu chini ya kioo usiianike juani wala usiizike kwenye mchele, ilete kwa fundi siku hiyo hiyo ifunguliwe, kesho yake kutu inaanza kwenye springi. Na huko Igombe vaa ya plastiki.